Kumfuata Bibie ng'ambo ya daraja: Dar, Mwanza, Sengerema na kurudi

Watu wengi wameniuliza ilikuwaje kwenda kumchukua mtoto, na wengine wanauliza kwa ajili yao maana nao wako kwenye foleni hiyo hiyo ya kuasili mtoto, kwa hiyo nimekaa na picha za kwenye simu, risiti zilizojikunja kwenye pochi na kadaftari kangu, nikaipanga safari siku kwa siku. Jina la mtoto siandiki na sura yake siweki. Hapa ataitwa Bibie, mkimwona anavyotembea mtaelewa kwa nini.

Kwa asiyenijua, mimi nimezaliwa Mwanza, pale Sekou Toure, nikakulia Igogo juu kwenye mawe, nikaondoka binti mdogo kwenda Uingereza kusomea unesi, nikakaa, nikachukua pasi yao. Tanzania haina uraia pacha, so siku niliyokula kiapo kule huku nikawa mgeni, hivyo tu, hakuna aliyekuja kunipokonya kitu. Sasa nimerudi, nafanya kazi Dar kwa kibali cha ukaazi kama mgeni mwingine yeyote, na nilipoanza kuomba mtoto Sheria ya Mtoto ya 2009 ikanipima kwa kipimo cha wageni: uwe umeishi nchini miaka 3 mfululizo, mtoto umlee kwanza si chini ya miezi 3 chini ya macho ya afisa ustawi wa jamii, usiwe na rekodi ya uhalifu popote, uwe na mapendekezo kutoka nchi yako, na uihakikishie mahakama kwamba nchi yako itaitambua amri itakayotolewa. Nchi yako! Kila nikifika hapo kwenye ile karatasi nilikuwa nacheka peke yangu.

Safari hii ni ya kwenda kumchukua aanze malezi ya kambo kwangu, ndiyo ile miezi ya kumlea kwanza. Mahakama bado iko mbele.

Jumapili, Mbezi hadi Nyegezi

Basi sh 75,000, lile lenye siti mbili mbili na chaji ya simu ambayo haikufanya kazi. Tiketi imeandikwa saa 11 alfajiri, tukatoka Stendi ya Magufuli karibu saa 12 kwa sababu kuna abiria alikuwa anagombania magunia yake na mpakiaji mizigo. Chalinze na Morogoro nililala, Dodoma tukashuka kunyoosha miguu, Manyoni sina cha kusema. Singida ndipo watu walipoamka, kuku wa kienyeji na chipsi 8,000, konda anakupa dakika ishirini lakini ya kumi na tano dereva ameshaanza kupiga honi, watu wanakimbia na mifuko ya rambo mdomoni.

Mlima Sekenke tulishuka jua linazama, lori moja la marobota ya pamba limelala ubavu na utingo wake amekaa juu ya mzigo anakula muwa, hana wasiwasi wowote. Baada ya hapo giza, Igunga, Nzega, Shinyanga, taa tu na harufu ya vumbi la kiangazi. Nyegezi, stendi ya Mwanza, tuliingia saa 5 na nusu usiku.

Kwa mtakaopita huko: ukifika usiku huo usihangaike kwenda mjini, kuna guesti nyingi karibu na stendi, mimi nililipa 25,000 safi na maji ya moto kwenye ndoo. Kijana wa mapokezi akanipa daftari la wageni nijaze, nikafika kwenye utaifa nikaandika kama pasi inavyosema, akasoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa kaunta. "Mwingereza? Anti si umeniambia sasa hivi nyumbani Igogo?" Nikamwambia ndivyo karatasi inavyosema. Akachukua kalamu, akafikiria, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: *Msukuma*. Ukurasa huo nimeupiga picha.

Jumatatu, Igogo na ofisini

Asubuhi daladala hadi Igogo, halafu kupanda. Magoti yangu yamesahau zile ngazi za mawe, watoto wa shule wananipita wanashuka mbio na mabegi yao, "shikamoo, shikamoo, shikamoo," marahaba zangu zinatoka nusu nusu kwa kukosa pumzi.

Shangazi yuko vile vile. Nikapiga goti, nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akaniitikia hadi habari za watu ambao walishakufa, ndipo akaniruhusu kukaa. Chai, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga. Halafu akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu nilipompigia simu.

"Huyo mtoto wa nani?"

"Yuko chini ya ustawi, shangazi."

"Ustawi siyo ukoo."

Akaendelea, kaka zako kule Kwimba wana watoto mpaka wa kugawa, unawaacha unakwenda kwa watu usiowajua. Na hapa inabidi niseme kitu ili msimwone mbaya. Shangazi ndiye aliyenilea mimi. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, ukoo ukakaa kikao kimoja, wazee wakanywa pombe yao, jioni nikahamia Igogo na kapu la nguo. Hakuna afisa, hakuna fomu, hakuna hakimu. Kwake yeye hayo makaratasi yangu ni kama kuomba ruhusa ya kupika jikoni kwako mwenyewe. Sikubishana naye, nilikula michembe.

Ila niwaambie ndugu zangu mlioko nje, hapa ndipo wengi mnapokwama. Kumlea mtoto wa dada yako kwa makubaliano ya ukoo hapa nyumbani hakuna shida, lakini siku ukitaka kuondoka naye ubalozi hautauliza kikao kilikaa lini, watataka amri ya mahakama. Kuasili kunaamuliwa na Mahakama Kuu, na amri ikishatoka inapelekwa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, ili mtoto aandikishwe kwenye rejista ya walioasiliwa. Pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri unakoishi wewe, siyo kwenye makao ya watoto. Wanakuja kukagua nyumba, wanaongea na majirani, ripoti inapanda hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ukishapata kibali ndipo unaonana na mtoto. Umri wako uwe angalau miaka 25 na umzidi mtoto kwa miaka 21, au kama ni ndugu yake basi utimize 21. Na sheria inakataza kulipana kwa ajili ya kupata mtoto, so anayekuomba "ya kuharakisha" mkimbie, hata kama amevaa suti.

Mchana nilizunguka na barua zangu mjini kugonga mihuri. Foleni, kiti cha plastiki, feni inayozunguka upande mmoja. Kopi sh 200 kwa ukurasa na mashine ya jirani imeharibika, kwa hiyo njoo na kopi zako za kutosha, na picha ndogo, na vyote viwe na nakala iliyothibitishwa na wakili. Jioni nikapita Kamanga kuangalia maji kidogo na lile Jiwe la Bismarck, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikalala kwa shangazi.

Jumanne, darajani

Hiace kutoka Nyegezi, nauli 4,000, tukakunja Usagara kuelekea Kigongo. Sasa sikilizeni. Utotoni mwangu Kigongo ilikuwa siku nzima. Unafika unakuta magari yamepanga, kivuko kiko ng'ambo, unasubiri, unakula muhogo wa kukaanga na samaki mkavu wa pilipili, unasubiri tena, kikija malori yanaingia kwanza, jua linakuunguza hadi utosini. Nilikuwa napapenda na kupachukia kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 mwezi wa sita wamefungua daraja, kilomita 3 juu ya maji, na nilikuwa nimeandaa simu nirekodi video lakini nilivyomaliza kufuta kioo cha kamera tulikuwa tumeshafika Busisi. Chini kuna mitumbwi na magugu maji yametanda kama uwanja wa mpira, upepo unaipiga Hiace ubavuni, basi.

Mama niliyekaa naye akasema dada yake alikuwa anauza samaki pale kivukoni, foleni ndiyo ilikuwa duka lake, sasa magari yanapita juu hayasimami na yeye amehamia Sengerema mjini anauza vitumbua. Akaniambia "daraja zuri lakini halina njaa," na sikujua nicheke au nifanye nini.

Wilaya na mahali mtoto alipo siwezi kuandika, jueni tu ni mbele ya Sengerema. Nilifika ofisi inayohusika saa 5, mlango umefungwa na kofuli. Mlinzi yuko chini ya mwembe na redio.

"Mama, leo hupati mtu. Mwenge unaingia kesho, wote wako kwenye maandalizi."

"Na kesho?"

"Kesho si ndiyo Mwenge wenyewe."

Jumatano, Mwenge

Nilivyoona sina pa kwenda nami nikaenda kwenye Mwenge. Barabara imemwagiwa maji kupunguza vumbi na vumbi limeshinda, watoto wa shule wamesimama tangu saa 1 na vibendera, wauza barafu wamejaa, bendi inapiga. Magari ya msafara yakaanza kupita moja moja na juu ya pikapu ya tatu au ya nne, kwenye fulana na kofia za mbio za Mwenge, namwona dada wa ustawi niliyekuwa nawasiliana naye kwa WhatsApp miezi yote ile. Nikapunga mkono kama mwehu. Akanitambua kwa picha ya profaili, akakusanya mikono mdomoni akapiga kelele juu ya bendi nzima: "Kesho saa mbiliii!"

Ushauri wangu hapo ni mfupi, ulizia Mwenge na ziara za viongozi kabla hujakata tiketi. Guesti 15,000, wali maharage 2,500, siku imeisha.

Alhamisi, kwa Bibie

Saa mbili kamili dada wa ustawi yuko ofisini, sauti imemkauka kwa mkesha, macho mekundu, lakini faili langu liko mezani limefunguliwa. Nilimheshimu sana. Akasoma kila karatasi kuanzia kibali cha Kamishna, cheti cha polisi wa hapa na kile cha Uingereza, barua ya kazi, kibali cha ukaazi. Nikamuuliza kuhusu hii hadhi maalum ya wenye asili ya Tanzania iliyozungumzwa sana 2025, je inanisaidia? Akasema hiyo siyo uraia, kwenye suala la mtoto yeye ataniandika raia wa kigeni. Halafu akaandika, taratibu, herufi kubwa.

Tukapanda mchomoko kwenda kwenye makao, Probox, mbele watu watatu na dereva, nyuma wanne, kwenye buti vijana wawili na kuku. 3,000 kila mmoja. Barabara ya vumbi, mashamba ya mihogo, mawe makubwa yamepangana utafikiri kuna mtu aliyabeba.

Bibie nilishawahi kumwona nilipokuja mara ya kwanza na nilijidanganya kwamba atanikumbuka. Wapi. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kivulini, gauni la njano limefungwa pini begani, anakula kiazi kitamu cha kuchemsha. Alikuwa anakimenya kwa meno ya mbele, kidogo kidogo, ganda likitoka linabaki kwenye ncha ya ulimi, analichukua kwa vidole viwili, anatafuta pa kuliweka. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu, akaniwekea ganda kiganjani. Halafu la pili. Alipomaliza kiazi nilikuwa na rundo zima, akateremka kwenye ndoo, akaenda zake.

Mama mlezi akacheka hadi akashika ukuta, akasema hapo amekukubali, wengine huwatupia.

Ana kama miaka miwili na nusu, wanakadiria. Faili lake jembamba. Kilichoandikwa ndani hakiko hapa kwa sababu ni habari zake, akikua ataamua amweleze nani.

Ijumaa hadi Jumapili

Nilikwenda asubuhi nikarudi jioni, nikafua, nikaosha vyombo, nikalisha wa kwangu na wasio wa kwangu, siku ya tatu Bibie akanilalia mapajani, basi. Msikurupuke siku hizi za mazoea hata kama likizo inaisha. Na kama mnataka kupeleka zawadi msinunue midoli mikubwa ya mtoto mmoja, ulizeni kwanza, mimi niliambiwa sukari, sabuni ya mche, mafuta ya kupaka na unga, nikanunua Sengerema mjini, kama 90,000 hivi pamoja na boda wa kupeleka.

Jumatatu, makabidhiano

Kusaini, kusaini, kusaini. Kitabu cha makao, fomu za malezi ya kambo, barua ya kumruhusu kusafiri nami hadi Dar ikieleza mimi ni nani, mtoto ni nani, tunakaa wapi, nani apigiwe simu. Dada wa ustawi akaniambia hii barua usiiweke kwenye begi la chini, iweke mwilini. Kumbukeni hilo neno.

Vitu vya Bibie: magauni matatu, sweta moja, kadi ya kliniki, kijiko cha plastiki cha bluu ambacho hataki kukiachia. Mama mlezi akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka, huku ananiambia mambo kwa haraka haraka, anakula dagaa lakini kichwa kwanza, uji bila ndimu hagusi, usiku mguu mmoja lazima utoke nje ya neti usipigane naye, akiamka akisema ana njaa mpe maji, njaa hana ila hupenda kuhakikisha kama chakula kipo. Hilo la mwisho nililiandika kwenye gari.

Dereva wa mchomoko alikuwa yule yule. Alivyoniona na mtoto mgongoni akamshusha kijana wa siti ya mbele akamhamishia kwenye buti, tukakaa wawili tu mbele kama mabosi. Kufika akakataa nauli. Nikamlazimisha, akasema "basi mnunulie soda," akaondoka.

Jumanne, mwaloni na Igogo

Asubuhi Kirumba mwaloni, sado ya dagaa 12,000 baada ya kubishana, na sato wawili wabichi 18,000, muuzaji akaniongezea mmoja mdogo "wa huyo." Makorongo yamesimama juu ya mabanda yanasubiri utumbo, Bibie akayaangalia kwa heshima zote akayapa shikamoo.

Igogo shangazi alikuwa amekaa mlangoni. Hakusimama. Akamwita, Bibie akaenda, shangazi akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, kulia, akamvua kiatu akaangalia nyayo, sijui alikuwa anatafuta nini kwenye nyayo. Akamrudishia kiatu. Mchana sato wa kuchemsha na ugali, Bibie akachomoa jicho la samaki kwa kidole, akala, akarudi kuchukua la pili. Shangazi hakusema kitu lakini sahani ya samaki akaisogeza upande wa mtoto.

Jioni tunachambua dagaa, akaniuliza, "Huyu akikua atakuwa mtu wa wapi?"

"Wa hapa, shangazi."

"Na wewe ulikuwa wa hapa."

Akaendelea kuchambua. Usiku akatoa kanga mpya kwenye sanduku, bado ina gundi ya dukani, akasema ya kumbebea, hiyo ya kwako imechoka.

Jumatano, Mwanza hadi Dodoma

Nilikata siti mbili, 45,000 kila moja, konda akanishangaa mtoto wa kupakata unamlipia siti, nikamwambia nauli yangu wewe yanini. Uamuzi mzuri kuliko wote wa safari hii. Basi likatoka saa 12, Misungwi hatujafika Bibie ametapika. Hajawahi kupanda gari kubwa. Akatapika Misungwi, akatapika mbele ya Misungwi, kanga mpya ya shangazi imebatizwa. Mama mmoja wa siti ya nyuma akanipitishia limau lililokatwa, "mnusishe, mama," halafu mfuko, halafu chupa ya maji, mikono tu inatokea katikati ya siti, sura nilikuja kuiona Shinyanga. Akalala na limau puani. Chukueni limau, mifuko isiyovuja na nguo za kubadili zenu ninyi wazazi, za mtoto kila mtu anakumbuka.

Kizuizi. Siandiki wapi. Afisa wa uhamiaji akapanda anakagua vitambulisho, watu wananyoosha NIDA, mimi nikanyoosha pasi na kibali. Akaifungua, akaniangalia.

"Umezaliwa wapi?"

"Imeandikwa hapo. Mwanza."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni Mtanzania."

Akafikiria. Mwingereza aliyezaliwa Mwanza, anaongea Kiswahili cha Igogo, ana mtoto wa Kitanzania ambaye hafanani naye na anamwita anti. Hata mimi ningeuliza. Akanishusha, kwa upole lakini akanishusha, nikasimama pembeni ya barabara na Bibie begani amelala, barua nikaitoa kifuani, imelowa jasho. Akaisoma mbele, akageuza nyuma kuona mhuri, akairudia tena. Akapiga namba iliyoandikwa, haikupokelewa. Abiria wote wameegemea madirisha. Akapiga tena, dada wa ustawi akapokea, nikasikia sauti yake bado imekauka. Waliongea kama dakika tano, afisa akawa anajibu "ndiyo, ndiyo, ana kijiko cha bluu, ndiyo."

Akanirudishia karatasi zote, akazipanga mwenyewe vizuri. "Safari njema mama." Nimesikia watu wanalalamika mambo haya, mimi silalamiki, natamani wamsimamishe kila mtu anayesafiri na mtoto mdogo wa watu. Ila magoti yalinitetemeka hadi Nzega.

Nilipopanda nilijua nitanuniwa, tumepoteza karibu nusu saa. Mzee wa mbele akasema tu "wabeja mayu," yaani asante mama, "twende," na yule mama wa limau akanyoosha mikono, "kumbe unamlea, mlete huku upumzike kidogo." Akampakata hadi Singida. Alinihadithia naye amelea watoto wa wifi yake watatu, mmoja ni fundi umeme Kahama. Singida nikamnunulia kuku, akakataa, nikamwekea kwenye mfuko wake alivyoenda kuchimba dawa.

Dodoma jioni, baridi ile ya kukata masikio, guesti 30,000. Bibie akaamka saa 8 usiku akasema njaa. Nikampa maji, akanywa, akalala, mguu nje ya neti.

Alhamisi, treni

Nilichagua treni ya SGR kwa sababu ya mtoto na nawashauri wenye watoto mfanye hivyo, Dodoma–Dar 31,000 daraja la kawaida, mtoto wa chini ya miaka 4 halipi. Kata mapema kwenye mtandao, jina lifanane na kitambulisho chako, na fikeni stesheni saa mbili kabla maana kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Kwenye mashine ya mizigo wakauliza kwenye begi kuna nini kinachonuka. Dagaa wa Kirumba. Wakacheka, tukapita.

Hakutapika hata mara moja. Alisimama dirishani na kijiko chake anagonga kioo, ng'ombe wa Gulwe wanapita, handaki likaja ghafla giza akapiga yowe, mwanga ukarudi akasema "tena." Yakaja mengine. Kila handaki "tena," na nusu ya behewa ikawa inaitikia naye.

Dar teksi kutoka stesheni walitaka 30,000, tukamalizana 15,000. Jumla yangu yote, nauli, kulala, kula, mihuri, zawadi na soda ya yule dereva, imekaribia laki sita, bila kuhesabu siku za kazi ambazo sikulipwa.

Baada ya hapo

Afisa ustawi wa huku alikuja wiki iliyofuata kwa ukaguzi wa kwanza. Akaangalia chumba, neti, akafungua friji, akapima umbali wa jiko na mlango, akachuchumaa kumuuliza Bibie hapa unakula nini. Mimi siku hizo nimepika pilau, nimepika ndizi nyama, nimetengeneza keki. Akajibu "dagaa." Afisa akaandika. Atarudi mwezi ujao, ripoti zikitimia wakili anapeleka maombi mahakamani, na mimi bado ni anti.

Dagaa wenyewe wanakaribia kuisha. Jana shangazi kapiga simu kwamba ametuma sado mbili kwa basi, parseli 5,000 nimeshailipia kwenye simu, niipokee Mbezi kesho asubuhi. Kabla hajakata akauliza tena nimempa jina la ukoo gani, nikamwambia shangazi tusubiri mahakama, akasema hao mahakama wanajua nini.